Bunduki Moja, Chumba Kizima

Siku hiyo tajiri alinibembeleza kupitia tundu la hewa, na mimi nimekaa kwenye kiti cha cherehani cha mkewe, nakunywa chai.

Usinihukumu bado. Soma kwanza.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Shule iliniishia njiani, ila sheria za kazi nimezisoma mwenyewe, kwa hasira, baada ya kufukuzwa kiwandani.

Kosa langu? Niliuliza kwa nini mlango wa nyuma unapigwa kufuli zamu nzima na sisi tuko ndani. Moto ukizuka tutatokea wapi?

Bosi akajibu mbele ya watu sitini: "Wewe utatokea getini. Sasa hivi."

Miaka tisa imepita. Watu walimbandika bosi jina la Kufuli. Dada yangu alibaki mle ndani, anashona magunia. Kila nikisikia king'ora cha zimamoto, moyo unanilipuka.

Sasa mwezi uliopita napigiwa simu: kuna nyumba inahitaji fundi. Nafika, nani? Kufuli mwenyewe. Wala hakunitambua. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Kanunua bunduki. Moja. Anataka ushauri: sefu au chumba kizima cha chuma?

"Mzee, kwa bunduki moja sefu inatosha," nikamwambia, ufundi ni ufundi. "Tunaikaza ukutani kwa boliti nne, basi."

"Mtu kama mimi niwe na kisanduku kama muuza simu?"

"Baba, hicho chumba utakitoa wapi?" mkewe akauliza.

"Si kipo kile chako cha kushonea."

Mama akamtazama tu. Kuna kutazama kwingine ni barua ya kurasa tatu.

Nikajenga. Cherehani, majora ya vitambaa na meza ya kukatia vikatupwa kwenye korido, mpaka mlango wa chuma ukakosa nafasi ya kufungukia nje. Nikauweka ufungukie ndani. Kufuli nilimweleza hilo mara tatu. Mara zote tatu alikuwa kwenye simu, akanipungia mkono kama anafukuza nzi.

Siku ya kukabidhi kazi, akaingia na bunduki yake, akajifungia ili ajaribu.

Tukasikia: dum. Kimya. Dum.

"Fundi, umenifungia."

Nikasogea. Nikatazama kitasa. Nikavuta kiti.

"Fanya haraka, hewa inaisha."

"Hewa ipo mzee, tundu nimelitoboa mwenyewe. Hivi ule mlango wa nyuma kiwandani bado una kufuli?"

Jicho likatokea tunduni.

"Wewe ni nani?"

"Yule uliyemwambia atokee getini."

"Lile kufuli ni kwa ajili ya wezi."

"Na hiki chuma je?"

"Fundi, humu kuna joto."

"Kule wako sitini."

"Nitapiga risasi kitasa."

"Usithubutu. Chuma cha milimita sita, risasi itarudi kumtafuta mwenyewe."

Mkewe akatokea na birika.

"Mama watoto, ita watu," sauti ikatoka tunduni. "Simu haishiki humu."

"Kwanza mjibu fundi," akasema, akanimiminia chai. "Sukari kiasi gani?"

Dum. Dum. Robo saa nyingine ikapita.

"Haya. Mpigie msimamizi, atoe kufuli."

"Alitoe halafu alirudishe kesho?"

"Alitoe moja kwa moja."

"Basi aniletee mimi hapa nyumbani," mkewe akasema, akapiga simu.

Sikuinuka. Nilisubiri hadi dada aliponipigia.

"Kaka, huku kuna maajabu. Mlango wa nyuma uko wazi, upepo unaingia, vumbi la magunia linatimka hadi watu wanakohoa."

Ndipo nikasimama.

"Mzee."

"Nini tena?"

"Vuta."

Mlango ukafunguka kwa ulaini kama kabati la vyombo. Haukuwa umekwama hata kidogo. Alikuwa anazungusha kitasa vizuri kabisa, halafu anasukuma kwa bega. Dakika arobaini.

"Si ungeniambia," akasema, jasho linamtiririka.

"Nilikuambia mara tatu."

Nikamgeukia mama nimwombe radhi. Akanikatiza: "Radhi ya nini? Kitasa nilikiona kinazunguka tangu dum ya kwanza. Mimi nilikuwa nasubiri chumba changu."

Na amekipata. Wiki iliyofuata niliitwa kukaza sefu chumbani kwa mzee, boliti nne. Lile kufuli la kiwandani mama analiweka juu ya vitambaa visipeperuke.

Kufuli alijaribu kununua jingine. Msimamizi alipofika nalo, alikuta watu sitini wamekaa kizingitini, dada yangu mbele, wanakula chakula cha mchana taratibu. Alirudi nalo mfukoni.

Funzo? Mlango ukikataa, vuta kabla hujasukuma. Na wewe mwenye funguo, kabla hujawafungia wenzako, kaa ndani dakika arobaini kwanza.

Chai nitakuletea mimi.