Golikipa Aliyejua Mguu Wangu Tu

Mjukuu wangu alipoleta golikipa wake nyumbani Kanja, nilicheka. Ulikuwa ubao wa kimo cha mtoto, juu ya reli ya vyuma, na mota ya kuusukuma huku na huku. Simu kuukuu, iliyofungwa juu kwa vipande vya tyubu, ndiyo ilikuwa jicho. Yeye na wenzake wa chuo cha ufundi waliiunda roboti hiyo kwa mashindano ya Embu, dhidi ya chuo kimoja cha Meru, kila upande ukimpigia golikipa wa mwenzake penalti. Mshindi angeenda Nairobi, na msichana huyo hakuwa na wazo lingine muhula mzima.

"Inafaa ione watu wengi wakipiga mpira, guka," alisema, kama tunavyoita babu kwetu. "Niite vijana wa sokoni?"

"Vijana wa nini? Mimi nilikuwa golikipa wa shule. Nitaifundisha mwenyewe."

Basi kila jioni nilipiga mpira kati ya miti ya kahawa na ua wa nyumba, jicho likinitazama. Lakini nyonga yangu huniuma nikiufungua mguu kupeleka mpira kulia, kwa hiyo nilipiga kushoto tu. Sikumwambia. Niliona aibu. Baada ya wiki chache roboti ilikuwa ikizuia kila mpira wangu, nami nikajisifu hadi soko la Kianjokoma.

Siku moja nilimuuliza mjukuu wangu roboti inafikiri nini. "Haifikirii bao wala makofi," alisema. "Inatazama mguu unaokanyaga chini, na kiuno. Inajiuliza, nilipoona hivi mara nyingine, mpira ulienda wapi? Halafu inaenda huko."

Siku ya mashindano vijana wa Meru walipiga kulia, na golikipa wetu akakimbilia kushoto. Wakapiga tena kulia, akakimbilia kushoto tena. Uwanja ulivunjika mbavu kwa kicheko.

"Hiyo imekula muguka!" mmoja wao alipaza sauti, akiyacheka majani ya kutafuna ya kwetu Embu. "Ipeni miraa yetu ya Kianjai iamke!"

Kufikia mapumziko walikuwa wametufunga manne, sisi tumewafunga mawili. Mjukuu wangu alipiga magoti akaanza kufungua mota.

Nilipokuwa golikipa, kila bao nililofungwa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi. Lilikuwa la beki, au la jua lililonipiga machoni, au la refa. Nimeishi hivyo miaka mingi, hata nje ya uwanja, na walionivumilia ni wachache. Sasa nilikuwa nimeona ubao ukifungwa mara nne, na kila mara unarudi katikati ya goli na kungoja mpira unaofuata, bila kulaumu mtu.

"Acha mota," nilimwambia. "Mota ni nzima. Kosa ni langu. Nilipiga upande mmoja tu kwa sababu ya nyonga."

"Siku zote hizo, guka?"

"Siku zote."

Alifunga kifuniko cha mota polepole. "Basi haijui mpira. Inakujua wewe tu."

Hakunikaripia, na hilo liliniuma zaidi. Nilienda kwenye foleni ya chakula nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba mzee mmoja mjeuri ameharibu kazi ya watoto na anaomba miguu. Walicheka, lakini walikuja. Alikuja mwenye bodaboda na kofia yake kichwani. Alikuja katekista aliyepiga kwa kisigino. Alikuja mama mpishi, mwiko mkononi, akavua malapa na kupiga mpira uliotufanya tuinamishe vichwa. Mimi nilipiga kulia, kulia tena, nikiuma meno. Jicho lilitazama wote, na mjukuu wangu akaketi kwenye kompyuta akiifunza hadi filimbi.

Tuliporudi, hakuna mpira uliopita. Wenzetu walifunga matatu, tukawa mbele kwa bao moja, likabaki pigo la mwisho la Meru. Wangefunga, tungekuwa sare.

Kijana wao alikimbia, kisha akasimama ghafla mbele ya mpira. Mimi ningekuwa tayari nimeruka, nalamba vumbi. Golikipa wetu hakutikisika. Hakuwa na hofu ya kumharakisha, alikuwa anangoja mguu tu. Mguu ulipokanyaga chini, kiuno kikafunguka, ubao ukateleza kulia. Mpira ukaugonga, ukarudi ukimpita mpigaji mwenyewe.

Sikumbuki nani alimbeba nani. Nakumbuka mjukuu wangu akinining'inia shingoni akilia, "Nairobi, guka! Nairobi!" na nyonga yangu haikuuma hata kidogo.

Yule wa miraa alikuja kunipa mkono. "Haya, mzee, mmetuweza. Golikipa wenu amefundishwa na nani?"

Jibu la zamani, la kujisifu, lilikuwa limeshafika mdomoni. Nililimeza, nikamwonyesha mama mpishi aliyekuwa anacheza ngoma peku, mwiko juu.

"Muulize yule," nilisema. "Yeye na wenzake."