Niondoke Mimi kwa Kosa Gani

Katika miaka ya sabini nilifanya kazi kwenye kampuni ndogo ya ndege za kukodi, ambayo siku hizi haipo. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja na stoo, kando ya uwanja wa ndege wa Shinyanga, na kazi yangu ilikuwa kupima. Ndege ndogo haitaki mchezo na uzito. Nilipima mizigo, kisha nikawapandisha abiria wenyewe kwenye mizani, wafanyabiashara wa mjini na mafundi wa migodini, wakicheka kwa aibu. Niliipenda kazi ile. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba ndege hairuki mpaka binti yake aseme.

Meneja wa kituo alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, anayejua kusema na wakubwa. Alasiri moja, ndege ikiwa imeshaondoka, alinifuata stoo, akafunga mlango, akanikamata kwa nguvu. Nilipambana naye mpaka blauzi ya sare ikachanika. Nilipomponyoka na kufungua komeo, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hakuna atakayeamini neno la mpima mizigo mbele ya meneja.

Nilikimbilia kwa mama mmoja, mtu wa Mhunze, aliyekuwa akisafisha ndege. Alinifunika khanga yake, akanikalisha nyuma ya jengo, akaniacha nilie. Kisha akaniambia sikuwa wa kwanza. Msichana niliyechukua nafasi yake naye aliondoka analia, akarudi kwao Nkome, kando ya ziwa. Baba yake alikwenda Mwanza kumlalamikia mwenye kampuni, akajibiwa kwamba jambo hilo litaangaliwa.

Kesho yake yule mama alinisindikiza polisi nikaandikisha maelezo. Habari zilimfikia mwenye kampuni, naye akaja. Alikuwa mzee mpole. Aliniita mwanangu, akasema atanihamishia Mwanza, kwenye ofisi nzuri zaidi, ili mambo yatulie.

"Nakushukuru, mzee," nilimwambia, "lakini sihami. Niondoke mimi kwa kosa gani?"

Mama wa Mhunze, aliyekuwa amesimama nami, akamkumbusha malalamiko ya yule baba wa Nkome. Mzee akauliza kama yule msichana angekubali kuja kusema.

Mama wa Mhunze alimfuata mwenyewe, safari ya malori na kivuko, akamkuta ufukweni anaanika dagaa. Mimi nilidhani atakataa. Alikuja. Alikaa kando yangu mbele ya wafanyakazi wote, akaeleza yaliyompata, mwanzo kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ambayo hata mafundi waliosimama nje waliisikia. Meneja alidai wanawake tumekula njama. Mzee alimnyamazisha kwa mkono, akasimama.

"Baba wa huyu binti alikuja kwangu," alimwambia meneja. "Nilimsikia, nikakuacha kazini kwa sababu kazi unaijua. Yaliyompata huyu wa pili na mimi nimeyasababisha."

Meneja alifukuzwa siku ile ile. Mzee alikwenda polisi mwenyewe kueleza jinsi alivyopuuza malalamiko ya kwanza, jambo ambalo sikutarajia mtu wa hadhi yake kulifanya. Kesi ilichukua muda. Nilitoa ushahidi, na mtu yule alifungwa.

Mzee alipomuuliza binti wa Nkome anataka afanyiwe nini, alisema anataka kazi yake, na mimi nisiondolewe. Basi tukawa wawili kwenye mizani. Miezi ya kwanza hakuna aliyeingia stoo bila mwenzake kusimama mlangoni. Baadaye tukawa tunaingia tukiimba.

Kampuni ilipoajiri wasichana wengine, mzee alinikabidhi niwaelekeze. Niliwaonyesha kazi, kisha nikawaambia mtu yeyote akiwagusa, awe meneja au rubani, waje kwangu hapo hapo, na mzee mwenyewe ameshasema atawasikiliza. Walinitazama kwa makini. Halafu mmoja akauliza kama ni kweli ndege hutikisika ikiwa juu ya ziwa. Nikamwambia hutikisika, lakini inafika.