Kiungo Kilichokuwa Juu ya Mto

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kutembea kando ya bomba. Kiwanda kilikuwa cha kutia nguo rangi, na bomba lilipeleka maji machafu kwenye matangi ya kuyasafishia, ng'ambo ya mto. Kila asubuhi nilitoka nyumbani, mtaa wa Tena, nikifika navaa buti za mpira, kisha napitisha kitambaa cheupe chini ya kila kiungo. Kikitoka kikavu, nasonga mbele. Kikitoka na rangi, naandika.

Jumatatu moja kitambaa kilitoka na doa la buluu, dogo kama ukucha. Kiungo chenyewe kilikuwa juu ya mto kabisa. Nikamwambia msimamizi wangu, mzee mpole aliyebakiza miezi michache astaafu.

"Mpira wa ndani umechoka. Tufunge laini ya bomba nusu siku tuubadilishe."

"Nusu siku hawatanipa, dada. Kaza bolti kwanza. Jumapili tutaona."

Nilijua mpira uliokauka ukikazwa hupasuka. Nilikaza.

Alhamisi saa nne ukapasuka. Nilikimbilia vali, lakini gurudumu lake lilikuwa limeshika kutu, na tulilizungusha watu wawili. Lilipokubali kufunga, mto ulikuwa wa buluu hadi kwenye kona.

Baada ya kona hiyo, jirani yangu kwenye ploti, jengo la kupanga tunamoishi, mama mmoja Mkamba, alikuwa na shamba dogo la sukuma wiki. Nilishuka kumwambia. Nilimkuta ameshamwagilia nusu, ndoo mkononi.

"Mama, hizo usiuze. Maji yameingia dawa. Bomba letu limepasuka."

"Lenu?"

"La kiwandani. Mimi ndiye ninayelikagua."

Aliitazama ndoo, akaimwaga njiani, akainama na kuanza kung'oa. Nikainama karibu naye. Tuling'oa mpaka adhuhuri, hata zile ambazo hazikuguswa na maji, na hakunigombeza. Nilingoja nilie, au niogope. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nikiwaza kama gesi ya nyumbani ingetosha kupikia jioni.

Laini ilifungwa siku tatu. Kwenye mkutano nilisema mipira yote ibadilishwe kabla haijachoka, sehemu inayopita juu ya mto ivishwe bomba la pili la nje, vali zitiwe grisi kila wiki, na mkaguzi akiona doa afunge bila kuomba ruhusa. Nilisema kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Walikubali yote, na yamefanywa. Tangu hapo sijaona rangi mtoni.

Msimamizi aliondoka mapema. Siku ya mwisho alinishika mkono.

"Wewe ulisema," akaniambia.

"Nami ndiye niliyekaza," nikamjibu.

Yule mama hakupanda tena pale. Siku hizi hununua sukuma sokoni na kuziuza kwenye meza yake mbele ya ploti. Nikipita hunisalimia, "Habari ya kazi?" Namwambia ni nzuri, nachukua fungu moja, napanda ngazi.