Engine flush kwenye dizeli kuukuu: shangazi yangu aliinywesha dawa kabla hajatoa ng'ombe

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeona jamaa huku anauliza kama aweke engine flush, ile dawa ya kusafisha injini kwa ndani, kwenye dizeli yake ya zamani au aachane nayo. Nimesoma majibu yenu mpaka chai imepoa. Wengine mnasema weka, wengine mnasema ataua injini.

Aisee, mmenikumbusha mbali! Ninachoandika hapa nilikishuhudia kwa macho yangu haya, na mke wangu kakaa pembeni ananisahihisha, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Dodoma maduka ndiyo yanaanza kujaa vitu, mashirika ya umma yanavunjwa, magari yao yanapigwa mnada. Kila mwenye koti ana gari la kuuza.

Mimi kijana wa Chemba, enzi hizo tuko bado wilaya ya Kondoa. Nilikuwa nimeposa binti anaitwa Zaituni. Mahari imeshakubaliwa, ng'ombe wapo zizini kwa shangazi yangu, Shangazi Mwajuma. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na kauli juu ya mifugo yote.

Sasa siku moja niko Miyuji, hapo Dodoma, nikaiona 504 pick-up ya dizeli.

Wakuu, nilipenda. Nilipenda kijinga kabisa! Ilikuwa nyeupe, imetoka mnadani, injini inanguruma kwa upole utadhani ina aibu. Mwenyewe alikuwa mtumishi mmoja wa ofisini, sisi tulimwita Bwana Suti kwa sababu alivaa suti hata jua la saa saba. Akaniambia anataka kuanza kufuga, nikimpa ng'ombe tunabadilishana.

Ng'ombe gani? Hao hao wa mahari.

Hesabu zangu zilikuwa hivi: nachukua gari, napiga trip Chemba na Dodoma, abiria na magunia ya alizeti, narudisha ng'ombe zizini, halafu naoa. Mpango mtamu jamani! Nikampelekea Zaituni kwa furaha. Hakulia wala hakugomba. Aliniuliza tu,

"Kwa hiyo mimi nisubiri gari lizae?"

Wazazi wake nao wakasema wazi kwamba siku iliyopangwa ikipita bila ng'ombe, posa imekufa. Mimi nikajipa moyo kwamba watanielewa wakiiona gari.

Nikaenda kwa shangazi. Niliogopa, maana shangazi alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mnadani wanaume walimpisha njia. Lakini hakukataa. Akasema tu, "Twende nikalione."

Hapa nisimame kidogo niwaeleze kitu. Mnadani kuna wajanja wanamlambisha ng'ombe chumvi, kisha wanamnywesha maji mpaka tumbo linajaa. Unanunua dume limenona, kesho yake ngozi inaning'inia. Ndiyo maana shangazi alikuwa na sheria yake: mnyama ananyweshwa dawa kwanza, tumbo lisafike, aonekane alivyo, halafu ndiyo mnaongea. Mwenye mnyama akikataa, biashara hakuna.

Basi tukafika Miyuji. Shangazi akaizunguka 504, akainama akachungulia uvunguni, akasikiliza injini.

"Mbona limenyamaza hivi? Zee la umri huu halina hata kikohozi?"

"Limetunzwa, mama," Bwana Suti akajibu.

"Limeshakunywa dawa?"

Mimi kwa kiherehere changu nikadakia kwamba shangazi, dukani mjini kumeingia dawa mpya ya kopo, inasafisha injini kwa ndani.

"Si ndiyo hiyo. Linywe."

Bwana Suti akaruka! "Hapana mama! Injini ya zamani haioshwi. Uchafu wake ndio unaoziba nafasi, ukiutoa unaiua!"

Wakuu, hapo tusimwonee. Hata leo mafundi wengi wanasema hivyo hivyo, na wana sababu.

Shangazi akamtazama. "Baba, kitu kinachokufa kikioga, mimi nikifanyie nini?"

Nilicheka mpaka nikajisahau. Shangazi akaendelea kwamba dawa atanunua yeye, oili mpya atanunua yeye, gari likisimama vizuri ng'ombe waswagwe kesho. Bila hivyo anarudi Chemba. Bwana Suti aliwataka sana wale ng'ombe. Akakubali huku anafuta jasho.

Tukamwita Fundi Lameck kutoka Chang'ombe ya hapo hapo Dodoma. Akamimina kopo ndani ya oili ya zamani, akaacha injini iungurume taratibu, akazima, akafungua nati ya chini.

Oili ikagoma kumwagika! Ilijivuta kama asali, na hapo imeshachanganywa na dawa ya kuilainisha. Harufu yake kali ikatupiga puani. Lameck akainusa, akamgeukia Bwana Suti.

"Mzee, umeweka oili ya gia humu?"

Kwa wasiojua, hiyo ni oili nzito ya gearbox. Ukiijaza kwenye injini iliyochoka inaficha kelele na moshi, kwa muda.

Lameck akabadilisha filter, akaweka oili inayostahili, akapiga starter.

Mama yangu! Ka-ka-ka-ka-ka! Moshi wa bluu ukajaa uani, kuku wakatawanyika, taa nyekundu ya oili ikawaka na haikutaka kuzimika.

Na shangazi yangu akapiga vigelegele. Mtu mzima, katikati ya moshi, anaruka na kupiga makofi. "Maji ya chumvi hayo! Yametoka!"

"Mmeniulia gari!" Bwana Suti anapiga kelele.

"Lilikuja maiti, baba. Sisi tumefunua sanda tu."

Mimi? Roho iliniuma kwa ile 504, halafu nikapiga picha ingekuwaje kama shangazi angekubali kienyeji tu, bila dawa. Nikakaa chini. Ng'ombe wale walifika kwa wakwe siku iliyopangwa, na niliwaswaga mwenyewe nikiimba.

Sasa ndugu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Dizeli kuukuu ikiwa tayari ni yako na hujui historia yake, achana na flush. Badilisha oili mapema na mara kwa mara, uchafu utoke polepole. Ila ikiwa bado ni ya mwenzio, inyweshe!

Wa flush na wa kutoflush, njooni mnipige mawe, nipo. Ila mjue nina msimamizi. Mpaka leo nikisimama barabarani kushangaa gari la mtu, Zaituni ananivuta shati.

"Limeshakunywa dawa hilo, au nisubiri lizae?"