Ufa Kwenye Picha ya Mdogo Wangu

Jiwe lililompasua kichwa mdogo wangu lilikuwa la kwetu. Nililijua kwa rangi. Lilikuwa na bluu ile ile niliyokuwa nikipaka majiko, na nililipaka mwenyewe ili mtu asije akajidai ni lake.

Vijana wa leo hawajui jiwe lilikuwa na kazi gani, basi niseme. Miaka ile ya baada ya vita, sukari, unga na sabuni vyote vilikuwa vya foleni, na gari la bidhaa halikusema linakuja lini. Kwa hiyo jioni kila nyumba ilipeleka jiwe lake mbele ya duka la ushirika, ikalipanga nyuma ya jiwe la jirani, watu wakarudi zao kulala. Asubuhi kila mtu anasimama penye jiwe lake. Wengine waliweka tofali, wengine kopo la mchanga, na mama mmoja alikuwa anaweka kinu kibovu. Jiwe lilikuwa mtu. Ungeweza kumtukana mwenzako matusi ya nguoni na jioni mkacheka, lakini ukigusa jiwe lake umewagusa watoto wake. Nimeona mtu mzima kavunjwa mkono kwa kusogeza kopo.

Mimi ni fundi bati. Shule niliishia darasa la pili na sikuirudia. Nilifika mjini sina hata kandambili, nikalala juu ya mapipa kwenye karakana za mtaa wa Gerezani, nikajifunza kukata pipa kwa patasi na kutoa humo jiko, ndoo au karai. Aliyenifundisha alikuwa akikugonga kidole kila ukiharibu bati. Kucha yangu moja haijaota mpaka leo, na simlaumu, maana hata bati sikuharibu tena. Nyumba ninayokaa sasa imejengwa kwa nyundo. Nilipopata pa kujishikiza nikamleta mama na mdogo wangu, tukapanga vyumba viwili kwenye nyumba ya uani, hapo Kariakoo nyuma ya soko.

Mdogo wangu alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Nasema kwa sababu ni kweli, na mimi sipendi kusifu. Mshono wake wa bati ulikuwa haupitishi maji hata bila kuchomelewa risasi. Halafu akaanza kusimama katikati ya kazi, nyundo iko juu.

"Kaka, umesikia?"

"Nisikie nini? Hapa kila mtu kiziwi."

"Nyundo zinanitaja."

Nikacheka. Fundi wa pembeni akacheka pia, akamwambia, "Zikikutaja tena ziulize mke wangu yuko kwa nani." Gerezani ni kelele kutoka asubuhi mpaka jua linazama, chuma juu ya chuma, na sisi wote tulikuwa tunasikia vitu ambavyo havipo. Sikuona ajabu.

Akaacha kula sinia moja na sisi. Akachambua pamba ya godoro akaziba masikio. Alikuwa mtanashati, akaacha kuoga, akawa analala amekaa, mgongo ukutani, macho mlangoni. Mama akisema naye anamwangalia kama mtu asiyemfahamu. Siku moja akatoka uani akaichukua redio ya mpangaji mwenzetu, akaipigiza sakafuni mpaka ikawa vipande, akavikanyaga. "Inanisemea siri zangu," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama anayekuambia mvua inanyesha.

Wiki ile ile akanipiga mimi. Nilikuwa nimeinama nakunja mdomo wa ndoo. Nyundo ikanishukia begani, mfupa ukalia, nikauona mchana umekuwa mweusi. Nikainuka nikampiga. Nilimpiga kwa mkono mzima, kwa goti, kwa kipande cha bati. Mtu akikupiga na nyundo humuulizi anaumwa nini. Mafundi ndio walionitoa juu yake, na tulipofika nyumbani, damu yake na yangu zimechanganyika kwenye shati moja, mama akatazama akasema, "Mmeniulia mtoto au bado?"

Mtaani kila mtu alikuwa na jibu lake. Balozi wetu wa nyumba kumi, mama mmoja mpana mwenye sauti ya kuongoza maandamano, alisema bangi. Mama alisema kachezewa. Tukampeleka kwa mganga Buguruni, akachanjwa chale na kufukizwa mpaka akatapika, akarudi vile vile, na sasa ana vidonda.

Asubuhi ya mawe nilisikia kwanza ukelele, kisha jina lake. Nilitoka na mkono umefungwa kwenye kanga ya mama. Mdogo wangu alikuwa mbele ya duka la ushirika, anazoa mawe ya foleni na kuyatupa mtaroni, moja baada ya jingine, haraka, kama anayezima moto.

"Yamekaa mstari yananisubiri mimi!" alikuwa anapiga kelele. "Hamyaoni? Yote yamegeuza uso huku!"

Watu walikuwa wamefika kusimama kwenye nafasi zao na nafasi hazipo. Gari la sukari lilikuwa limeshapiga honi kona ya soko. Muuza mkaa wa mtaani kwetu, jitu la mikono mirefu, jeusi kwa vumbi la mkaa mpaka kope, jiwe lake lilikuwa la mbele kabisa siku ile. Ndiye aliyeanza. Alimpiga ngumi ya sikio, mdogo wangu akaenda chini, na baada ya hapo sikumwona tena. Niliona migongo tu. Niliona kandambili zikishuka, mwiko ukishuka, mama wa kinu akigonga kwa mchi. Kina mama walionisalimia jana yake walikuwa wanapiga kwa mateke huku wameshika vikapu. Niliingia kwa kichwa nikang'olewa kwa nguo. Ndipo nikaona bluu ikipanda juu, kwenye mkono wa muuza mkaa, na nikasikia ilivyotua. Bati likigongwa penye tundu hulia vile.

Halafu mtu akasema, "Gari limefika," na wakajipanga. Nawaambia ukweli: walijipanga foleni, na mdogo wangu amelala pembeni yao anatoka damu puani. Mimi na mama tulimpakia kwenye mkokoteni wa kubebea mapipa.

Hospitali kubwa walimshona. Alipozinduka akamuuma muuguzi mkono, wakamfunga kitandani kwa mashuka, na baadaye wakamhamishia wodi ile ambayo watu hushusha sauti wakiitaja. Huko ndiko nilikokutana na daktari.

Alikuwa kijana, karudi kutoka kusoma nje, shati lake limepauka kwa kukosa sabuni kama letu. Alikuwa anafanya utafiti wa wagonjwa ambao ndio kwanza wameanza kuchanganyikiwa. Waliokwisha kuzoea wodi hakuwataka, alitaka walioanza juzi. Alinikalisha akaniuliza mambo mpaka nikachoka. Alianza lini kusimamisha nyundo? Alilala vipi? Aliacha kuoga kabla ya kuacha kula pamoja, au baada? Mimi nikaona ananipotezea muda.

"Ndugu daktari, piga picha uone kilichomo, ukitoe."

"Picha tutapiga, kwa sababu ya jiwe," akasema. "Lakini kaka yangu, eksirei inaonyesha mfupa. Ugonjwa wake uko ndani ya mfupa, kwenye ubongo, na huko haifiki. Nilikosoma nimeona mashine inayouchora ubongo vipande vipande, kama mkate. Hapa hatuna. Na hata ile, kwa ugonjwa wa namna hii, huwa haina la kusema. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Ugonjwa ukiwa mchanga, anayeuona ni mtu wa nyumbani."

Nilimwambia kama picha haioni ugonjwa basi na yeye haoni. Hakukasirika. Akaandika na hilo.

Picha ilipotoka aliiinua dirishani. Fuvu jeupe, na juu ya sikio mstari mwembamba umejikunja kama unywele uliobaki kwenye sahani. "Huu ni ufa wa jiwe," akasema. "Utaunga wenyewe. Haujamtia ugonjwa, ugonjwa ulikuwapo kabla. Tusichanganye."

Nilielewa vizuri. Mimi si mjinga.

Sindano zilimtuliza. Mdomo ukawa unamwagika mate na mikono inatetemeka, lakini aliniita kaka na akauliza bega langu. Daktari akasema yuko tayari kurudi nyumbani, sindano awe anaifuata kliniki. Nyumbani wapi? Balozi alikuwa ameshakuja kwetu, kasimama mlangoni bila kuingia.

"Ndugu fundi, mimi sitaweza kuwazuia. Muuza mkaa keshasema hadharani, akimuona anammalizia. Siku ile kuna watu walikosa sukari."

"Nimpeleke wapi?"

"Kijijini. Wasio na kazi wanazolewa na mgambo kila siku wapelekwe wakalime. Mtangulize kabla hajazolewa."

Mama akatoka chumbani. "Kijijini watamtia mguu kwenye gogo, balozi. Namjua aliyekaa na gogo mpaka mguu ukaoza. Bora mmuulie hapa nimzike mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa: gogo kijijini, au mawe mtaani.

Nikaenda kwa daktari kuiomba picha. Alisita, ilikuwa ya utafiti wake. Nikamwambia wa kukaa na kichwa hicho ni mimi. Akanipa, akasema niirudishe.

Siku ya kumleta nilimwacha na mama kwenye ngazi za hospitali nikatangulia. Foleni ilikuwa imejipanga. Nikasimama mbele yao, nikaishika ile picha juu kwa mkono wangu mzima, jua likapita ndani yake. Sikuhutubia. Nilisema, "Hiki kichwa cha mdogo wangu. Atakayemuua leo asogee akione kwanza."

Hakuna mtaani aliyewahi kuona fuvu la mtu anayemjua. Wakavunja foleni wenyewe, mawe yakabaki peke yake. Mama wa kinu akaziba mdomo kwa kanga. Mwingine akasema meno ndiyo yake kabisa, lile lililopinda lile pale. Halafu kidole cha mtu kikaenda chenyewe juu ya sikio.

"Huu mstari nini?"

"Ufa."

"Wa nini?"

"Wa jiwe."

Nilisema hayo tu. Muuza mkaa alikuwa amesogea mpaka karibu nasikia pumzi yake. Alitazama sana. Uso wake chini ya ule weusi ulianza kulegea.

"Kwa hiyo wazimu," akasema polepole, "umeingilia hapa?"

Wote wakageuka wananitazama mimi. Nilimjua aliyeziba masikio kwa pamba, nililijua bega langu, nilijua siku zote za kabla ya jiwe. Na wao walijua, walikuwa wameiona redio ikivunjwa. Lakini ufa ulikuwa pale, unaonekana kwa macho, na kitu kinachoonekana kina nguvu kuliko kile unachokumbuka. Sikumjibu. Niliibana picha chini ya kwapa.

"Fundi," akasema, "sasa mimi nifanye nini?"

"Akianza tena, uje umshike. Umshike kwa mikono, usimpige."

Akaanza tena, bila shaka. Gari la dawa nalo halikuwa na uhakika, sawa na gari la sukari, kliniki wakakosa sindano, na mchana mmoja uani akakamata mpini wa jembe akamsukuma mama ukutani. Nilipiga kelele. Wakaja mbio kutoka foleni, watu wale wale, na mbio zao nilizijua. Muuza mkaa alifika wa kwanza. Mpini ukampata mdomoni, nikasikia meno yakienda, damu ikamshukia kifuani ikachora njia kwenye vumbi la mkaa. Akamkumbatia. Alimkumbatia kwa mikono yake mirefu ile, wakaanguka pamoja, na mdogo wangu akamuuma shingo, akampiga viwiko mbavuni, akamparura uso, na yule jitu akawa anasema tu, kwa mdomo uliopasuka, "Tulia baba, tulia, nipo." Mama wa kinu akamshika miguu. Mpaka akaisha nguvu akalala.

Muuza mkaa akatema jino kiganjani, akalitazama. "Fundi, na mimi nikapige picha sasa?"

Tukacheka hadi mama, ambaye alikuwa anashika mbavu kwa maumivu.

Daktari alikuja mwenyewe kuifuata picha yake. Aliikuta nimeipigilia misumari kwenye mlango wa barabarani, palipo na jua. Watu walikuwa wameshamsimulia njiani, na alikuwa amekasirika.

"Umewadanganya. Nilikuambia ufa hauna uhusiano."

"Nimewaambia nini mimi? Wamekuja, wakatazama, wakasema."

"Na kesho mwingine mtaani hapa akianza kusikia sauti, watatafuta ufa. Wasipouona watampiga."

Hilo lilinichoma na bado linanichoma, kwa sababu alikuwa anasema kweli, na sikuwa na jibu la huyo mwingine. Nilikuwa na mdogo mmoja. Alikuwa amekaa ndani mle, mikono inatetemeka, anajaribu kukunja mshono wa ndoo, na nje muuza mkaa anamwita kwa mdomo wenye mapengo waende kupanga mawe.

"Utafiti wangu haujakamilika bila hiyo picha," daktari akasema.

Nikamwambia achukue kiti, aniulize tena maswali yale yote ya mwanzo, nitamjibu taratibu mpaka atosheke. Picha ibaki mlangoni.