Kichwa cha Jiwe Kilichotema Maji

Nilipokuwa mtoto, bado nafungiwa leso shingoni kwa sababu kiunoni haikai, niliambiwa nisipite chini ya kona ya kanisa mvua inaponyesha. Watoto wote wa mlimani kwetu Taita tuliambiwa hivyo. Juu ya kona ile ya mnara palikuwa na kichwa cha jiwe, macho yamekitoka, mdomo wazi, na mvua ikianza kilitema maji. Maji yale yakikugusa, wakubwa walisema, utashikwa na homa na utaongea usingizini lugha ya Wazungu. Hiyo ya lugha ndiyo iliyonitisha zaidi. Leo wajukuu wangu wanaiongea mchana kutwa, macho makavu, na homa hawana.

Kanisa lenyewe lilikuwa kitu cha ajabu pale mlimani. Padri alikuwa na picha ya kanisa la kijijini kwao Uingereza, zee sana, na nadhani alitamani lipande mlima limfuate. Akawaonyesha mafundi ile picha mpaka ikachakaa. Kuta zikawa nene, ukiingia kutoka juani unasikia ubaridi kama wa kisimani. Madirisha yakawa membamba yenye ncha juu, kama viganja vya mtu anayesali. Mlangoni, pale upinde unaposhuka na kuishia, wakachongwa mfalme upande huu na malkia upande ule. Na chini ya ukingo wa paa, vichwa vidogo vimepangana, mmoja katoa ulimi, mwingine kashika shavu kama anaumwa jino. Watu walimuuliza Padri hao ni nani. Akasema ni mapambo tu, kwao yako kila mahali.

Hakuna aliyemwamini. Kwetu kichwa kilichowekwa penye mawe hakikuwa pambo. Mzee akishazikwa na muda ukapita, watu wake walifukua kichwa chake, wakakisafisha, wakakipeleka kwenye pango la ukoo kikae na wenzake, wametazama nje. Ukiwa na neno, uliwaendea hapo ukawaambia.

Baba yangu, Mwadime, ndiye aliyepiga kengele ya kanisa. Na babu, baba yake, alikuwa amekufa, na muda wake wa kuhamishwa ulikuwa umefika. Nyanya akamwambia mwanawe, mbele yetu sote, "Kampeleke baba yako kwa wenzake."

"Mama, baba atabaki pale alipolala. Mimi nimebatizwa."

"Umebatizwa wewe. Yeye hakubatizwa. Mbona unamwamulia?"

Baba akanyamaza. Na nyanya naye akanyamaza, ila kunyamaza kwake kulikuwa kwa aina nyingine. Kuanzia siku ile hakumwita baba kwa jina. Alikuwa akipakua ugali, baba amekaa hapohapo, karibu amguse na mwiko, ananigeukia mimi: "Mghoi, mwambie mwenye kengele chakula tayari." Nami namgeukia baba: "Baba, chakula tayari." Baba anasema, "Mwambie nyanya ahsante." Nilichoka, jamani. Kuwa mlango wa watu wawili ni kazi ya kuchosha kwa mtoto.

Halafu mdogo wangu Wakio akaugua. Alikuwa bado ananyonya. Homa inapanda, anapelekwa zahanati ya misheni, anapewa dawa, homa inashuka. Kesho yake imerudi. Akawa mwepesi mkononi kama nguo iliyokauka. Mtu mzima yeyote wa kwetu alijua cha kuuliza hapo, ila mama aliogopa kuuliza, kwa sababu wa kuulizwa alikuwa mama mkwe wake.

Mwisho akauliza. Nilikuwepo, naokota kuni uani.

"Mama, kuna kitu moyoni mwako?"

"Kipo," nyanya akasema.

"Kitoe basi. Mtoto anaisha."

Kwetu iliaminika hivyo. Hasira ya mtu wa karibu, aliyoifungia ndani, humwangukia aliye mdogo nyumbani. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anajaza mdomo maji ya muwa, au maji tu, anayapuliza nje kama manyunyu, kisha anaisema ile hasira kwa jina lake na kuiambia itoke.

Nyanya akaanza kulia. "Unadhani naipenda? Inanikaba mimi kwanza. Lakini siwezi kuitoa peke yangu kama mtu anayekohoa. Aliyeniudhi asimame mbele yangu, na vichwa viwepo."

Baba alikuwa mlangoni, amesikia. "Pangoni siendi," akasema.

"Na mimi kanisani siingii. Mghoi, mwambie."

Sikumwambia. Nilikuwa nikimtazama Wakio, mdomo wake umepauka, na nikasema lililonijia. "Lakini hata kanisani kuna vichwa, nyanya."

"Vya nani?"

"Vya Wazungu. Kimoja kinatema maji."

Nyanya hakuwa amelikaribia kanisa hata siku moja. Alilijua kwa kengele tu. "Kinatemaje?" akauliza.

Nikachota maji mtungini, nikajaza mdomo, nikayapuliza. Nyanya alinitazama mpaka nikadhani nitapigwa.

"Nionyeshe," akasema.

Tukaenda mchana uleule, mvua ya masika inashuka. Nyanya kajifunika gunia kichwani, mama kambeba Wakio ndani ya kanga mbili, mimi mbele. Baba alitufuata kwa mbali. Pale mlangoni nyanya akasimama kumkagua mfalme. "Huyu ana pua ya watu wa Kasigau," akasema. Akamgeukia malkia. "Na mkewe kanuna. Wameoana zamani hawa." Kwa yule wa ulimi akatingisha kichwa. "Wewe nani alikulea?" Mama alicheka, akaona aibu kucheka na mtoto yuko vile, akacheka tena.

Kisha tukafika kwenye kona. Kichwa kile kilikuwa kazini, maji yanaruka kutoka mdomoni kwa upinde, yanapiga chini kwenye kokoto. Nyanya akavua gunia, uso wote juu kwenye mvua.

"Kumbe," akasema polepole. "Kumbe na wao wanatasa."

Akakinyooshea kidole kile kichwa.

"Wamemweka mzee wao juu pale atoe hasira zao kila mvua inaponyesha. Na nyie mnasema hawajui kitu." Akageuka. "Mwadime! Njoo usimame hapa."

Lilikuwa jina lake. Hatukuwa tumelisikia mdomoni mwa nyanya tangu ule ugomvi. Baba akasogea. Sasa, baba alikuwa mtu wa kanisa. Alipanda paa lile mwenyewe kuzoa majani, alijua kabisa kuwa kile ni mfereji, umetobolewa nyuma, kazi yake kuyatupa maji yasiloweshe ukuta. Padri alimweleza. Nilimwona akifungua mdomo aseme. Akaufunga. Akaja akasimama palepale tulipokatazwa kusimama, maji yanampiga begani.

Nyanya akakinga viganja, akajaza mdomo, akapuliza. Manyunyu yakamwangukia baba kifuani.

"Nilikasirika, Mwadime. Ulimwacha baba yako peke yake kwenye tope. Bado naumia. Lakini itoke. Isimguse mtoto. Itoke."

Akajaza tena. Katikati ya hayo Padri akatokea mlango wa nyuma na mwavuli wake mweusi. Mama aliganda. Mimi nilijificha nyuma ya kanga yake.

"Anafanya nini?" Padri akauliza.

"Anatoa hasira, Bwana Padri," baba akasema. Hakutoka chini ya maji. "Ili mtoto apone."

Padri akamtazama nyanya, akalitazama jiwe lake, akamtazama Wakio. "Mwambie aingie ndani. Mvua kubwa."

Nyanya hakungoja kutafsiriwa. "Mwambie ahsante. Ninaowahitaji wako huku nje."

 Padri alikuja akasimama karibu na mama, akamfunika Wakio kwa mwavuli, yeye mwenyewe analowa upande mmoja, akangoja mpaka nyanya akamaliza.

Wakio alipona. Mganga wa zahanati alisema ni sindano. Mama alisema ni yote mawili, na hakutaka mjadala. Mimi sijui, na nimezeeka bila kujua. Ninachokijua ni kwamba jioni ile nyanya alipakua ugali akasema, "Mwadime, kula." Babu hakuhamishwa. Alibaki alipolala, na nyanya alikwenda kupalilia pale mpaka magoti yakakataa.

Kwa nini nayaandika haya sasa, na mkono wenyewe ni wa ngumbaru, unaandika kama unapanda ngazi? Kwa sababu Wakio, yule wa kanga mbili, amefariki mwaka huu. Alifia nyumbani, mzee, amezungukwa na wanawe. Mimi niko huku ng'ambo, Toongabbie, kwa binti yangu Saru, niliyempa jina la nyanya. Na Saru alijua. Walimpigia simu, akanificha, akaniambia baada ya mazishi.

"Ungesafiri vipi na presha hiyo, mama? Ningekuzika wewe naye siku moja?"

 Nikaanza kusema na mjukuu wangu. "Neema, mwambie mama yako chai iko mezani." Neema anamwambia mama yake kwa Kiingereza, mama anajibu kwa Kiingereza, Neema ananigeukia kuniambia nilichokwisha kukisikia. Mtoto akaanza kutembea na vile vitu vya masikioni ndani ya nyumba. Saru anatunza wazee wa watu, shifti za usiku. Asubuhi nilikuwa namwona dirishani, kazima gari mbele ya nyumba na hashuki. Amekaa tu, mikono kwenye usukani. Alikuwa akiniogopa mimi humu ndani. Nilijua, na bado nilibaki na hasira yangu, nimeikumbatia kama chupa ya maji moto.

Ibada yetu ya Kiswahili huwa alasiri, wa ibada ya Kiingereza wakishatoka. Kanisa ni la kuazima, la mawe ya manjano, zee kwa hesabu za huku. Mlangoni wapo mfalme na malkia. Nimepita kati yao miaka yote hii, nikisema moyoni shikamooni. Jumapili ile ilinyesha. Wakongomani tunaosali nao walikuwa bado wanaimba, mimi nikatoka kwa mlango wa pembeni kutafuta hewa. Nikasikia maji yanapiga chini. Nikainua macho. Kona ya mnara, kichwa cha jiwe, mdomo wazi.

Nilisimama pale nikalia kama mtoto. Kwa ajili ya Wakio kwanza.

Saru alikuwa ameleta gari karibu. Akateremsha kioo. "Mama, ingia, unalowa. Nachelewa kazini." Neema yuko nyuma.

"Saru," nikasema. "Njoo usimame hapa."

Hadithi ya nyanya anaijua, nilimlaza nayo alipokuwa mdogo. Akalitazama lile jiwe. Akanitazama. Nikamwona akifungua mdomo aseme, na mengi angeweza kusema, kwamba ni mfereji, kwamba ana shifti, kwamba watu wanatoka kanisani. Akaufunga. Akashuka na yunifomu yake ya kazi, akaja kwenye maji.

"Nyanya, hayo ni maji machafu!" Neema akapiga kelele, na kwa mshangao wangu akapiga kwa Kiswahili.

Nikakinga viganja. Nikapuliza. "Nilikasirika, Saru. Ulinizikia dada yangu mimi sipo. Bado naumia. Lakini itoke. Usikae nje kwenye gari tena. Itoke."

Maji yalikuwa na ladha ya vumbi na majani. Nyanya hakuniambia hilo.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo. Zamani nilidhani kisa kile ni cha nyanya na kosa lake, mwanamke aliyeona wazee wa Wazungu mahali penye mfereji. Sasa namfikiria zaidi baba. Angeweza kumsahihisha mama yake, na angekuwa na haki, na mdogo wangu angebaki na homa yake na nyumba na ukimya wake. Alinyamaza, akalowa. Kwa kanisa lenyewe, mnara wake, madirisha yake yenye ncha, sina la kusema, mimi si mtu wa kujua majengo. Najua tu waliolijenga walimwacha mmoja wao nje, mvuani, mdomo wazi, na kwamba ametufaa.

Wakio yuko alipolala. Mimi nami, naona, nitalala huku.

Tulipofika barabarani Saru aliwasha hita, nywele zinamdondoka maji. Akauliza kama nina njaa. Aliniuliza mimi, bila kumpitia Neema.