Nafasi ya Kipa Kwenye Picha

Timu yetu ya mtaani pale Ibra ilikuwa na kila kitu isipokuwa jezi. Uwanja tulikuwa nao: katikati ya wadi, mto mkavu usio na maji ila mvua ikinyesha, pale bonde linapotanuka na mawe kuwa madogo, tukichora mistari kwa chokaa. Kipa tulikuwa naye pia, mtoto wa ami yangu, mrefu, mikono mipana kama sinia. Mie nilicheza winga ya kushoto, na kusema kweli nilikuwa mwingi wa maneno kuliko mbio.

Jezi zililetwa na mjomba wangu. Alikuwa dereva katika kambi ya watalii kule Bidiya, akiwapandisha wageni vilima vya mchanga. Mgeni mmoja, mzee wa Kitaliana, alikuwa akija kila mwaka wakati wa baridi. Ujanani mzee huyo alichezea klabu ya mji wake, mji mdogo wa nyumba za mawe juu ya kilima, uwanja uko chini kando ya mto. Klabu iliposhona jezi mpya, zile za zamani akazitia kwenye boksi akatuletea, nyekundu iliyoiva na ukosi mweupe, pamoja na kitabu chembamba cha historia ya klabu.

Kutoka namba mbili hadi kumi na sita zote zilikuwamo. Namba moja haikuwamo.

"Mtu hatoi zawadi yenye pengo," alisema bibi yangu. "Imedondoka njiani tu hiyo."

Jumatano akaenda soko la wanawake, ambako sisi wanaume hatuingii, tukamngoja nje juani kama mbuzi. Akatoka na kitambaa chekundu chenyewe hasa. Siku mbili cherehani ikalia, na kipa wetu akapata jezi yake, namba moja nyeupe mgongoni.

Kile kitabu hatukuweza kukisoma. Tuliangalia picha, na mie nikazitungia maneno. Wale wenye masharubu mbele ya tanuri la matofali nikasema ndio waanzilishi. Padri aliyeshika mpira nikasema ndiye refa wa kwanza, na kwamba akikasirika hakutoa kadi, alitoa dua. Kulikuwa na picha ya uwanja umefunikwa na maji, miti ya goli imechomoza nusu. Wenzangu wakapenda. Haikupita miezi mingi wakaanza kusema "sisi". "Mwaka ule wa maji sisi tulicheza wapi?" Watu ambao mto wenye maji kila siku hatujauona kwa macho!

Kitu kimoja sikukiweza kukitungia hadithi. Kuanzia katikati ya kitabu, kila picha ya timu ilikuwa na nafasi kwenye safu ya nyuma, upana wa mtu mmoja. Wachezaji wakibadilika, nywele zikibadilika, nafasi ipo palepale. Waliosimama pembeni yake wameinamisha mabega kidogo, kama unavyompisha mtu.

Tukadhani ndiyo mtindo wa klabu. Basi mjomba alipotupiga picha wadini, nasi tukaacha nafasi. Kipa wetu akacheka. "Hii si mmeniwekea mie?" Akaingia. Ilimwenea sawasawa.

Baridi iliyofuata mzee akaja, na mjomba akamleta nyumbani siku ya mechi. Siku hiyo haikuwa ya mchezo wa kawaida. Kocha wa klabu kubwa ya wilaya alikuwa anakuja kutafuta kipa, na kipa wetu hakupata usingizi wiki nzima. Hakuwa na kazi, hakuwa na cheti cha maana; alikuwa na mikono yake tu.

Mzee akanywa kahawa, akala halua, akamchekesha bibi kwa kusema "shikamoo" huku ameinama kama anayetafuta kiatu. Nikamwonyesha picha yetu. Akaiweka mapajani. Akaweka kikombe chini, akamgusa kipa wetu pichani kwa kidole. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, mjomba akitufasiria.

Klabu yao haina namba moja. Zamani, katika mechi waliyokuwa wakiongoza, mpira ulitoka nje ukaangukia mtoni. Kipa akaufuata. Maji hayakuwa mengi, wala hayakuwa na kasi. Akainama kuuchukua, na hawakumwona tena. Aliyeupiga mpira ule nje alikuwa mzee mwenyewe.

"Anauliza," mjomba akasema, sauti imeshuka, "nani kamvika huyu?"

Bibi akatazama vidole vyake.

Nilikwenda wadini mbio. Nilijua nikimwambia kipa wetu nitamharibia siku yake moja aliyopewa. Nikinyamaza je? Jua la alasiri lilikuwa kali, mbingu haina hata uzi wa wingu, watu wamejaa ukingoni na thermos zao. Nyuma ya goli letu, chini ya jabali, palikuwa na dimbwi lililobaki tangu mvua za mwanzo wa mwaka. Kijani, kimya. Mbuzi walikuwa wakinywa pale kila siku. Siku hiyo walisimama mbali wakilitazama.

Nikamwambia yote, nikihema.

"Yakhe, wewe na ndoto zako," alisema. "Kocha kaja kumtazama kipa. Nivue nisimame kifua wazi?"

"Vaa. Lakini mpira ukiingia majini usiufuate. Niahidi."

"Haya, wallahi. Nenda kwenye winga yako ukapoteze mipira."

Alicheza siku ile kama hana mifupa. Alipangua, alidaka, kocha akawa anaandika. Kipindi cha pili, bila kufungana, beki wetu akaokoa vibaya. Mpira ukapanda juu ya goli, ukadunda jabalini, ukaingia dimbwini.

Mpira wetu ulikuwa huo mmoja. Refa akamwashiria kipa aulete. Naye akageuka, akaenda. Nikamwita kwa nguvu zangu zote. Ukingoni mzee alisimama akapiga ukelele kwa lugha yake, neno moja, mara tatu.

Kipa akafika kwenye maji akasimama. Upepo haukuwapo. Mpira ulikuwa katikati, ukizunguka polepole. Kisha ukaanza kuja, umenyooka, bila kukata maji, mpaka ukagusa jiwe mbele ya miguu yake. Ilibaki ainame tu.

Hakuinama. Alitazama chini kwa muda ambao mie naukumbuka mrefu sana, halafu akarudi kinyumenyume, mikono mitupu.

"We kipa, unaogopa kujirowesha?" wakapiga kelele mashabiki wa upande wa pili. "Mletee taulo!"

Mpira mwingine ukatafutwa. Mechi ikaisha sare. Kocha akamwita, akamuuliza kwa Kiarabu kwa nini hakuutii mkono wa refa, naye akaanza kuivua jezi. Akamchagua kipa wa wale wengine. Mzee alimshika ndugu yangu mabegani asimwachie, akilia bila aibu, mpaka mjomba akambembeleza kuingia garini.

Tulirudi kwa miguu, wawili sisi, tukipita upande wa nyumba, mbali na maji. Ameivua jezi, ameikunja kwapani. Nikamwomba radhi. Nilimwambia mie ndiye niliyemkosesha, ningefunga mdomo wangu angekuwa ameshachaguliwa.

"Niliona kivuli changu majini," alisema. "Jezi nyekundu, ukosi mweupe. Mie mikono nimeiweka nyuma. Yeye alikuwa ameinyoosha, ananipa mpira."

Tukaenda hatua kadhaa.

"Usiniombe radhi," akasema. "Ungenyamaza, ningeupokea."